Tela Lililobaki Chini ya Sekenke

Saa nane mchana, Shelui hakuna kinachokwenda. Malori ya pamba kutoka Shinyanga na ya kahawa kutoka Bukoba yamejipanga kando ya barabara yakiutazama mlima Sekenke, na madereva wamelala chini ya matela, shati usoni, wakingoja jua lipoe. Kuupanda mlima ule na mzigo mzito katika joto la mchana ni kuchemsha injini bure. Basi mji mzima unapata saa mbili za kukaa, na ilikuwa katika saa hizo mbili, mwaka wa tisini na tano, kabla ya lami, ndipo Dina Msengi, mpishi, mama wa watoto watatu, alipojifunza Kiingereza.

Alikuwa na miaka thelathini na minane na lugha mbili zilizomtosha: Kinyiramba cha nyumbani na Kiswahili cha barabarani. Kiingereza alikiona shuleni, akakipita kama mtu anavyopita nyumba ya jirani mwenye mbwa. Lakini siku zilikuwa zimebadilika. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imefika mpaka Shelui. Sabuni zilikuwa za rangi saba, kila moja na jina lake, bia za makopo zilitoka nchi za watu, na nyuma ya vilima, kule ambako wakoloni walichimba dhahabu zamani, kampuni ya kigeni ilikuwa imepiga kambi ya mahema ili kuchunguza mawe. Kambi ilitaka mlinzi, dobi na mpishi. Usaili ungefanywa kwa Kiingereza, baada ya wiki sita.

Dina alitaka upishi. Zaidi ya upishi alitaka kitu kilichokwenda pamoja na upishi, nacho ni ufunguo wa stoo. Ilisemekana mpishi wa kambi ndiye angekaa nao, kwenye kamba shingoni au kwenye pindo la kanga, apendavyo mwenyewe. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyempa Dina ufunguo wa kitu chochote.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Dina na rafiki yake Jenipher, wote watoto wa Shelui, walikuwa wapishi katika zahanati moja ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa basi. Jumatatu moja Dina akarudi nyumbani na sanduku lake, akasema ameacha kazi. Hakusema zaidi. Alhamisi basi likaleta habari nyingine: maziwa ya unga ya watoto waliodhoofika yamepungua stoo kule misheni. Hakuna mtu aliyesimama akasema Dina ameiba. Hakukuwa na haja. Kiswahili ni lugha inayopenda kuweka mambo mawili bega kwa bega na kumwachia msikilizaji ayaunge mwenyewe. Mtu akikuambia mvua imenyesha, shamba sijaenda, humuulizi moja linahusianaje na jingine. Shelui waliwekewa mambo mawili bega kwa bega, wakayaunga, wakaendelea na shughuli zao.

Tangu hapo Dina alipika katika hoteli ya mabati kando ya barabara, mali ya mtu mwingine, ambako kila asubuhi mwenye hoteli alimpimia sukari na majani ya chai kwa mkono wake. Wateja walikuwa na utani wao.

"Mama, chai ya maziwa ipo?" dereva angeuliza.

"Ipo."

"Ya ng'ombe, au ya misheni?"

"Ya ng'ombe. Ya misheni uliimaliza wewe jana."

Wangecheka, naye angecheka, kisha angeingia jikoni na kusukuma kuni kwa nguvu kuliko kuni zilivyohitaji.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Urbano, kaka mkubwa wa mumewe. Urbano aliendesha malori miaka ishirini na miwili, Dar es Salaam mpaka Lusaka, Dar es Salaam mpaka Bujumbura, hadi macho yalipoanza kumwonyesha barabara mbili mahali penye moja, na mwenye gari akamshukuru kwa kazi njema. Kiingereza chake alikiokota mipakani, kwa maofisa wa forodha na mafundi wa Zambia. Kilikuwa Kiingereza cha mtu anayetaka kupita, kisicho na mapambo, lakini kilikuwa kimempitisha.

Hakuwa na cheti wala ubao. Ubao wake ulikuwa ubavu wa tela lolote lililoegeshwa karibu na hoteli, likiwa na vumbi la kutosha, na chaki yake ilikuwa kidole. Ubaya wa ubao huo ni kwamba uliweza kuondoka. Jumatano moja somo la nyakati zilizopita lilikwenda Morogoro likiwa nusu, na wanafunzi hawakujua lilivyoishia.

Wanafunzi walikuwa watano. Alikuwapo Shukuru, kijana mrefu aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa na sasa akitaka ulinzi wa kambi. Na alikuwapo Jenipher. Yeye alirudi kutoka misheni mwaka mmoja baada ya Dina, mkataba wake ulipoisha, na alirudi na barua ya sifa yenye muhuri wa duara. Watu walishangaa kwamba mpishi mwenye barua kama ile anaomba kazi ya kufua. Jenipher aliwaambia moshi umemchosha. Alikaa benchi moja na Dina, na daftari lao lilikuwa moja, Dina akiandika mbele na Jenipher akiandika nyuma, ili siku moja wakutane katikati.

Siku ya neno "because", lori lililokuwapo lilikuwa la pamba, lenye tela refu. Urbano aliwasimamisha wote pale katikati, lori linapoishia na tela linapoanza, akagonga kwa fimbo ile pini nene ya chuma inayoyaunga.

"Hii nini?"

"Pini," alisema Shukuru.

"Leo inaitwa because. Sikilizeni. The lorry is late. Lori limechelewa. Hilo ni lori, injini linayo, linakwenda lenyewe mpaka Dar. Because the road is bad. Kwa sababu barabara mbaya. Hilo ni tela. Magurudumu linayo, mzigo linao, taa za nyuma linazo, lakini ukiliacha peke yake barabarani, trafiki atakuja kuuliza mwenyewe yuko wapi."

"Na and?" aliuliza Jenipher. "Juzi ulisema and nayo inaunga."

"And ni kamba. Lori linavuta lori mwenzake. Kamba ikikatika, kila moja litajiwashia injini liende zake. Pini ukiichomoa, moja linalala porini."

Shukuru alikuwa anafikiri, na Shukuru akifikiri aliinua bega moja. "Shikamoo mwalimu, nina swali."

"Umeshaniamkia asubuhi. Uliza."

"Redioni nimemsikia mtu ameanza na hiyo because yenyewe. Because hivi, koma, halafu ndiyo akasema jambo lake."

"Inaruhusiwa."

"Tela limetangulia lori?"

"Nimepita barabara nyingi," alisema Urbano, "na Kiingereza ndiyo pekee ambako tela linatangulia lori na trafiki anapiga saluti. Ila usisahau hiyo koma. Hiyo ndiyo breki."

Chini ya tela, dereva aliondoa shati usoni. "Nyie, mnafanya nini na gari langu?"

"Tunasoma Kiingereza, bwana. Endelea kulala."

"Kimeandikwa wapi?"

"Ubavuni kwako. Usilioshe kabla hujafika Dodoma, kuna watu njiani hawajasoma."

Dereva alijifunika tena. Dina aliuliza swali lake akiwa anamenya viazi, maana hakuna siku aliyosoma mikono ikiwa mitupu.

"Shemeji, na kama sentensi imekuwa nzito? Umeanza vizuri, umefika katikati, maneno yamegoma."

"Lori likigomea Sekenke mnafanyaje?"

Hilo kila mtu wa Shelui alilijua. Lori likishindwa mlima, dereva halazimishi. Anachomoa pini, analiacha tela chini na mtu wa kulilinda, anapanda na lori peke yake. Kule juu anashusha magunia, anarudi na gari tupu, anafunga tela, analivuta, kisha wanapakia upya. Kazi inaweza kula siku nzima na mabega ya watu sita. Hakuna dereva anayeona aibu kwa hilo. Aibu ni kung'ang'ania kwenye kona mpaka lori likaanza kurudi nyuma.

"Basi na wewe vilevile," alisema Urbano. "Usisimame kwenye kona ukinguruma aa, aa, aa. Sema ulichokiweza. Kishushe. Halafu rudi ufuate tela. Lakini urudi kweli, shemeji. Lile tela lina mzigo wa watu."

Akawataka kila mmoja atoe sentensi yenye pini, ya maisha yake mwenyewe, si ya barabara wala ya lori. Shukuru alisema kwa Kiingereza kwamba anaitwa Shukuru kwa sababu mama yake alizika watoto wawili kabla yake.

"Jina halihitaji tela," alisema Urbano taratibu. "My name is Shukuru, inatosha."

"Langu linahitaji," alisema Shukuru.

Jenipher alisema anafua nguo kwa sababu ni chafu, wakacheka. Ikabaki zamu ya Dina.

"I left the mission," alisema Dina. Niliacha misheni. Ilimtoka yenyewe, kama jambo la kwanza mtu analolikuta mfukoni.

"Because?" alisema Urbano.

Jenipher alifungua daftari upande wake, akaanza kusoma kitu ambacho hakikuwapo.

"Tela halijafika," alisema Dina, na darasa likacheka tena, na viazi vikaendelea.

Ukweli haukuwa mrefu. Dada yake Jenipher alifariki akijifungua, mtoto akabaki, na mwaka ule ng'ombe walikuwa wamekauka. Jioni moja Dina alimkuta Jenipher stoo, anafunga makopo mawili ya maziwa ndani ya kanga. Hawakusemezana. Ufunguo wa stoo ulikuwa wa Dina, na siku ya kuhesabu vitu sista mkubwa angemwuliza Dina, si mwingine. Dina hakujua kumdanganya mtu usoni. Kumtaja Jenipher hakuweza pia. Akaona njia moja tu, ambayo ni kutokuwapo siku ya kuulizwa. Akarudisha ufunguo, akapanda basi. Mtoto mwenyewe sasa alikuwa na miaka miwili na miezi, mnene, anatukana watu wazima kwa Kinyiramba safi.

Siku ya usaili walikwenda kwa miguu, Dina, Jenipher na Shukuru, viatu mkononi mpaka walipokaribia kambi. Palikuwa na hema kubwa la turubai la kijani, na nje yake benchi la kungojea. Ndani, nyuma ya meza, walikaa wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa kambi, bwana wa Australia mwenye pua iliyobabuliwa na jua hata ikawa kama pua aliyoazimwa. Wa pili alikuwa Tanvir, kijana wa duka la Singida mjini. Babu yake aliuza misumari na vitambaa, baba yake vilevile, na sasa biashara ilipofunguliwa Tanvir ndiye aliyeleta kambini kila kitu, kuanzia mchele mpaka kofia za chuma, na stoo yote ilikuwa chini yake. Alizungumza Kikachi cha mababu wa Uhindini na mama yake, Kinyaturu na wazee wa sokoni, na Kiingereza na karatasi.

Dina aliingia wa kwanza. Tanvir aliinuka kidogo kitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Baada ya hapo wakaingia kwenye Kiingereza, na mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyoota. Aliulizwa anajua kupika nini. Akasema wali, maharage, nyama na mkate, kwa sababu amepikia watu sitini kwa miaka minane. Pini ikaingia mahali pake, akaisikia ikigonga. Aliulizwa kuhusu maji. Akasema anayachemsha yote, kwa sababu kisima ni kimoja na watu ni wengi. Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamtazama Tanvir kama anayesema tumalize.

Tanvir alikuwa anatazama karatasi. Lori la duka lao lilipita Shelui kila wiki, na dereva wake alikuwa amekunywa chai pale hotelini mara nyingi tu.

"Why did you leave the mission?" aliuliza. Kwa nini uliacha misheni?

"I left the mission," alisema Dina, na akasimama hapo.

Alikuwa analijua neno linalofuata. Alilijua kuliko neno lolote la Kiingereza. Maneno ya baada yake pia alikuwa nayo, au baadhi yake. Lakini Jenipher alikuwa ameketi nje, umbali wa unene wa turubai, na kile kilichokuwa kizito hakikuwa Kiingereza. Aliona uso wa Tanvir ukingoja. Aliona kona, na mteremko nyuma yake.

"Please wait," alisema. Naomba mngoje. Akainuka, akawainamia wote wawili kwa adabu, akatoka nje.

Mzungu alimtazama Tanvir. Tanvir akaandika kitu kwenye karatasi, kifupi. Shukuru akaitwa ndani.

Benchini Dina alikaa kando ya Jenipher. Kwa muda walitazama kuku mmoja wa kambi akichakura mchanga ambao Wazungu walikuwa wameuchekecha na kuupanga mafungu yenye namba.

"Yule kuku atafukuzwa kazi," alisema Jenipher.

"Ana barua ya sifa, hafukuzwi."

Jenipher alicheka bila sauti. Kisha akasema, "Wamekuuliza."

"Wameuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba niliondoka."

"Basi?"

"Basi. La pili nimeliacha chini."

Jenipher alikunja kona ya barua yake ya sifa, akaikunjua, akaikunja. "Dina, unaweza kusema. Mimi nimeomba kufua tu. Kufua hakuna kufuli."

"Nyamaza, wanakuita."

Shukuru alitoka akiwa ameinua mabega yote mawili. Jenipher aliingia, akakaa muda mfupi kuliko wote, akatoka.

"Hawakuniuliza kitu," alisema. "Wamesoma barua, wakasema asante." Alisema hivyo akitazama mafungu ya mchanga.

Kila mtu alikuwa amekwisha kusailiwa. Mle ndani zilisikika sauti za watu wanaokusanya karatasi. Shukuru alikuwa ameshavua viatu tayari kwa safari ya kurudi. Dina aliinuka, akajifunga kanga upya, akaingia ndani ya hema bila kuitwa.

"Because," alisema, kabla hata hajafika kwenye kiti.

Mzungu aliinua kichwa. "Sorry?"

"Because somebody was hungry," alisema Dina, polepole, akishusha kila neno kwa uangalifu kama gunia, "and I had the key, and I did not want to be asked."

Kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye njaa, na ufunguo nilikuwa nao mimi, na sikutaka kuulizwa. Yote yalikuwa yamefika. Ndipo alipokaa kwenye kiti.

Tanvir alikuwa ameshika kalamu hewani. "Who?" aliuliza. Nani?

"That one," alisema Dina, "is not my lorry." Hilo si lori langu.

Mzungu hakuelewa. Alimgeukia Tanvir, na Tanvir, aliyekulia kwenye malori ya baba yake na kuupanda Sekenke mara zisizo na idadi akiwa juu ya magunia, alianza kumweleza. Alimweleza kwa mikono, kiganja kimoja kikipanda mlima peke yake, kingine kikibaki mezani kikingoja. Alimweleza kwamba mama huyu alitoka si kwa kukimbia swali. Alikuwa amechomoa pini. Mzungu alianza kucheka, akaendelea mpaka akaishika pua yake iliyobabuka kwa maumivu.

Tanvir hakucheka. Aliweka kalamu, akarudi kwenye Kiswahili.

"Mama, ungeweza kusema tu mkataba uliisha. Wengi wanasema hivyo, na sisi tunaandika."

"Haukuisha."

"Najua haukuisha. Nawe unajua watu wanasema nini."

"Mimi ndiye ninayewapikia chai, Tanvir. Nawajua mpaka sukari wanayotia."

Jumamosi majina yalibandikwa kwenye mlango wa hoteli. Shukuru, ulinzi. Jenipher, kufua. Dina, upishi. Urbano aliyasoma kwa sauti mara tatu, karatasi ikiwa imegusa pua, akatangaza kwamba chuo chake kimefaulisha wote watatu walioomba, na kwamba hata vyuo vikubwa havijafikia kiwango hicho. Mwenye hoteli alisema ni vizuri. Kisha akauliza, akitazama pembeni, "Na ufunguo wa stoo je?"

Swali lilikuwa zuri. Tanvir alikuwa amempa Dina jiko, masufuria, aproni mbili na orodha ya chakula. Ufunguo alibaki nao. Kila alfajiri Dina alifika kambini kukiwa bado na baridi, akasimama nje ya hema la Tanvir na kukohoa. Tanvir angetoka amejifunika blanketi, macho nusu, angemfungulia stoo, angesimama mlangoni wakati Dina anatoa mchele na mafuta, angefunga, angerudi kitandani. Mchana tena. Jioni tena. Dina hakulalamika. Shelui wakimwuliza ufunguo uko wapi, alisema uko kwa Tanvir, nao wakasema "aa". Ilikuwa "aa" fupi sana, na Dina aliichukia kuliko utani wote wa chai.

Hivyo zikapita wiki tatu. Katika wiki ya nne ikaja baridi ya mwezi wa sita, ile inayotoka Mkalama na upepo wake, inayomfanya mtu aongee na blanketi lake kama na mzazi. Dina alifika, akakohoa. Hakuna kilichotokea. Akakohoa tena.

Pindo la hema likafunguka kidogo, ukatoka mkono, mkono tu mpaka kwenye kiwiko, na mwisho wake ufunguo.

"Chukua, mama," ilisema sauti kutoka mahali pa joto. "Fungua mwenyewe."

Alichukua. Alifungua, akatoa vitu, akafunga, akarudi kuurudisha. Akakohoa.

"Mama, unaumwa kifua?"

"Nimeleta ufunguo."

"Kaa nao."

"Mpaka lini?"

Alisikia kitanda kikigeuka. "Mama," ilisema ile sauti, kwa uchovu wa mtu aliyeamshwa alfajiri ishirini na mbili mfululizo, "mimi ni mtu wa duka. Duka hufunguliwa saa mbili. Kaa nao."

Basi ndivyo ulivyofika. Hapakuwa na hotuba wala shahidi. Dina, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amejiwazia namna nyingi za siku hiyo, katika nyingine kukiwa na sista mkubwa anayelia, aliufunga kwenye pindo la kanga yake ya kijani na kurudi jikoni, kwa kuwa maji yalikuwa yanachemka.

Saa moja asubuhi alikuwa anakanda unga wa mkate kwenye meza iliyowekwa mbele ya mlango wa stoo. Mlango ulikuwa wazi. Jenipher alikuja na beseni lililojaa suruali za Wazungu, zimekauka matope mpaka zinasimama zenyewe. Alisimama hatua mbili kabla ya kizingiti. Wiki zote hizi sabuni alikuwa akiiomba kwa Tanvir.

"Tanvir amelala," alisema. "Nimefuata sabuni."

"Ipo."

"Nitolee basi."

"Mikono yangu ina unga," alisema Dina. "Ingia uchukue mwenyewe. Rafu ya chini, upande wa kulia."

Jenipher hakusogea. Aliangalia mlango, kisha akaangalia beseni lake, kama mtu ambaye angefurahi suruali zile zitembee zenyewe zimsaidie.

"Nangoja umalize."

"Unga huu haumaliziki leo wala kesho, kuna watu ishirini. Ingia."

Jenipher aliweka beseni chini. Akavua kandambili, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwa stoo ile, akaingia. Dina hakugeuka. Aliendelea kukanda, akimsikia mwenzake akisogeza maboksi, akisimama, akisogeza tena. Ilichukua muda mrefu kuliko vipande vya sabuni vinavyostahili. Alipotoka alivishika mbele yake kwa mikono yote miwili, ili vionekane.

"Nimechukua viwili."

"Vinatosha kwa suruali zote hizo?"

"Vya leo vinatosha."

"Haya." Dina akamgeuzia kiuno, ule upande wenye fundo kwenye pindo la kanga. "Fungua hapo, utoe ufunguo, unifungie mlango. Upepo unaleta vumbi kwenye mchele."